Ule Mkono Kwenye Baiskeli ya Mengo

 

Kamati iliniomba niandike ukurasa mmoja tu kuhusu "baiskeli ya mmisionari", ile mtakayoikuta imesimama mlangoni siku ya sherehe. Nilikubali haraka nikidhani ni kazi ya jioni moja. Ilinichukua miezi minne. Katika miezi hiyo niligundua kwamba baiskeli ile haikuwa ya mmisionari, na mwishowe ikabidi niende kumwomba msamaha mjane mmoja mzee. Basi haya ninayoandika ni historia, lakini ni ushuhuda pia.

Kiswahili changu ni cha Kampala, mtanivumilia. Sisi huku Buganda tulichelewa kuipenda lugha hii, maana kwa miaka mingi tuliisikia zaidi midomoni mwa askari. Lakini ndiyo lugha inayotukusanya ushirika mzima, basi twende nayo.

Jinsi ilivyotupwa

Kwa wale ambao hawajafika, Mengo ni kilima ndani ya Kampala. Hapo ndipo lilipo jumba la Kabaka wa Buganda, yaani Lubiri, na ng'ambo yake Bulange, makao ya serikali yake. Kilima cha jirani ni Namirembe, penye kanisa kuu la Waanglikana, na karibu na hapo ipo hospitali ya Mengo iliyoanzishwa mwaka 1897 na daktari Albert Cook. Ukishuka bondeni unaingia Kisenyi na Katwe, kwa mafundi wa vyuma. Kwa hiyo chuma kikiugua Mengo, daktari wake hayuko mbali.

Baiskeli yetu haikupelekwa kwa daktari yeyote. Ilikaa miaka nyuma ya jengo la ibada, kati ya ukuta na choo, chini ya mabati ya zamani. Kuku walitagia juu ya keria yake. Haikufika hapo kwa kuchakaa tu. Ilitupwa, tena tuliitupa sisi.

Ilikuwa hivi. Alikuja mhubiri mgeni akafundisha juu ya vitu vyenye alama za giza majumbani mwetu. Siku zile vijana wa Kampala kila wimbo waliousikia walitafuta ndani yake alama za Freemason. Baada ya somo vijana wetu wakaingia stoo kukagua. Wakaikuta baiskeli nyeusi, na kwenye gurudumu la meno, lile la pedali linalovuta mnyororo, wakaona kiganja cha mkono. Si rangi, si stika, ni mkono mzima uliokatwa ndani ya chuma, vidole vimesimama. Mmoja akapiga kelele, "Hii ni ya kuzimu!" Wakaikokota nje. Wengine walitaka kuichoma, lakini utachomaje chuma? Wakaitupa pale nyuma ya choo.

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa mwalimu wao wa Biblia. Nina cheti cha chuo cha Biblia ukutani kwangu, na siku ile sikuuliza swali hata moja. Nilinyamaza.

Baiskeli ile ilikuwa imeachwa stoo na Jjajja mmoja wa ushirika wetu, baada ya mumewe kufariki. Aliitoa kama sadaka ya kumbukumbu. Jumapili iliyofuata alipita akaiona nje, kwenye matope. Hakusema neno. Tangu siku hiyo aliacha kukaa viti vya mbele, akawa anakaa karibu na mlango, na akimaliza kuomba anaondoka. Sisi tukasema, "Jjajja amezeeka."

Miaka ikapita. Maadhimisho yakakaribia, na katika kikao mzee mmoja akakumbuka kwamba zamani kulikuwa na baiskeli. Mwingine akasema ni ya mmisionari Mzungu aliyekuja nayo kutoka Uingereza kabla ya vita ya Hitler. Kila mtu akafurahi. Wakaamua isuguliwe yote, ipakwe rangi mpya ya kung'aa, iwekwe mlangoni. Wakanituma nitafute mwaka wake.

Nilipoinua yale mabati, nikauona ule mkono. Ilikuwa baiskeli ileile. Tulipodhani ni ya mume wa Jjajja tuliiita ya shetani. Tulipodhani ni ya Mzungu tukataka kuisimamisha mlangoni. Wapendwa, hapo ndipo niliposhtuka.

Kwa fundi wa Kisenyi

Nikaibeba kwenye bodaboda hadi Kisenyi, kwa mzee mmoja aliyetengeneza baiskeli tangu ujana wake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, miguu ndani ya vipande vya mnyororo. Nikamwambia, "Ssebo, nimekuletea Raleigh ya zamani." Akaitazama kwa muda mfupi, akacheka.

"Pasita, nyinyi kila baiskeli nyeusi mnaiita Raleigh. Hii ni Rudge. Huoni mkono?"

Nikamwuliza mkono ni wa nini. Akanijibu kwamba ni alama ya kiwanda, kama vile simba alivyo alama ya Peugeot. Nilitazama picha nyingi baadaye kwenye simu yangu, nikaona mzee alisema kweli. Zamani viwanda vya Uingereza vilikata alama yao ndani ya lile gurudumu la meno, ili hata rangi ikifutika baiskeli ijulikane. Raleigh waliweka kichwa cha ndege mwenye mdomo mrefu, jamii ya korongo. Humber waliweka vijitu vidogo vimezunguka duara. Hercules walikata herufi za jina lao. Rudge waliweka mkono.

Na mkono huo una historia. Daniel Rudge alikuwa fundi wa mji wa Wolverhampton aliyetengeneza baiskeli katika karne ya 19, akafariki mwaka 1880. Jina lake likabaki, na mwaka 1894 kampuni yake iliungana na nyingine ikawa Rudge-Whitworth. Alama yao ni mkono mwekundu wa Ulster, jimbo la kaskazini mwa Ireland. Hekaya ya huko inasema kwamba watu walishindana kwa mashua, wa kwanza kugusa nchi kavu awe mfalme. Mmoja alipoona anashindwa, akajikata mkono akautupa ufukweni, ukatangulia kugusa nchi. Ni hadithi tu ya kale, lakini mkono wake upo kwenye bendera na nembo za huko mpaka leo. Basi hicho ndicho tulichokiogopa, alama ya biashara.

Fundi akaendelea kuisoma baiskeli kama mtu asomavyo barua. Nembo ya mbele, chini ya usukani, ilikuwa imeng'oka, yakabaki matundu yake tu. Namba ya fremu ililiwa na kutu. Lakini akachukua kitambaa chenye mafuta ya taa, akafuta kitovu cha gurudumu la nyuma, kile chuma kinene cha katikati. Maandishi yakatokea: Sturmey-Archer, England, AW, halafu 54, halafu 8.

"Hii ni gia tatu," akasema. "Na huu ndio mwaka na mwezi wake. Wa nane, 1954."

Nikaruka. Nikasema, basi tumepata, baiskeli ni ya 1954! Mzee akanipunguza mwendo. Kitovu kinatoa mwaka wa gurudumu, si wa baiskeli yote. Gurudumu linaweza kubadilishwa. Ikabidi tupate shahidi wa pili.

Shahidi wa pili alipatikana kwa kosa langu. Nilinunua vikombe vipya vya gololi, vile vinavyofungwa chini ya fremu pale pedali zinapozungukia, vya baiskeli za Kihindi. Nikaanza kuvifunga mwenyewe. Kimoja kilizunguka mara moja na nusu kikakwama. Nikachukua spana kubwa. Mzee akanishika mkono, akasema, "Acha, utaua fremu." Akanieleza kwamba Raleigh ya Nottingham walikuwa na nyuzi zao wenyewe, 26 kwa kila inchi, wakati wengine wengi walitumia 24. Kikombe cha nyuzi 24 hakiingii kwenye fremu ya nyuzi 26, na ukilazimisha unaharibu vyote viwili.

Lakini hii si ni Rudge? Ndiyo. Mwaka 1943, katikati ya vita, Raleigh waliinunua Rudge upande wa baiskeli, na uundaji ukahamia Nottingham. Rudge za baada ya hapo ni watoto wa kiwanda cha Raleigh, wamevaa mkono wa Rudge lakini mifupa yao ni ya Raleigh. Fremu yenye mkono na nyuzi 26 inatuambia ilizaliwa baada ya 1943. Na kitovu cha 1954 kinakaa vizuri ndani ya hadithi hiyo. Mashahidi wawili wakakubaliana. Habari ya Mzungu wa kabla ya vita ya Hitler ikaanguka hapohapo kwenye vumbi la Kisenyi.

Mwaka ule wa 1954

Nikaanza kujiuliza: baiskeli ya namna hii, yenye gia tatu, mwaka 1954 au 1955, nani wa Mengo aliweza kuinunua?

Mwaka ule Mengo ilikuwa kwenye majonzi. Gavana Andrew Cohen alikuwa amemfukuza Kabaka Mutesa II nchini tarehe 30 Novemba 1953, akapelekwa Uingereza. Hakurudi mpaka tarehe 17 Oktoba 1955. Kwa hiyo mwezi ule wa Agosti, kitovu chetu kilipogongwa chapa Nottingham, Kabaka naye alikuwa uhamishoni katika nchi hiyohiyo.

Lakini pesa zilikuwepo. Bei ya kahawa duniani ilipanda sana mwaka 1954, baada ya baridi kali kuharibu mashamba ya Brazili. Mkulima wa Buganda mwenye kahawa na pamba, na karani wa serikali ya Mengo, waliweza kuingia duka la Mhindi wakatoka na baiskeli. Wazee wa hapa huiita eggaali ya maanyi ga kifuba, yaani gari la nguvu za kifua. Kwa wengi ndiyo ilikuwa mali kubwa ya kwanza iliyotembea.

Zaidi ya hapo chuma hakikuweza kusema. Ikabidi nimwendee mtu, na mtu mwenyewe nilimjua.

Nyumbani kwa Jjajja

Nilikwenda na sukari kilo mbili na sabuni. Nilipiga magoti mlangoni, jambo ambalo mwanamume wa umri wangu halifanyi kila siku. Nikamwambia, "Jjajja, nimekuja kuuliza habari za baiskeli, lakini kwanza nimekuja kuomba msamaha. Siku ile walipoitupa nilikuwepo, nikanyamaza."

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema kwa Kiganda, nami nawatafsiria: "Mwanangu, mliniachia swali. Nilikuwa nalala nikijiuliza kama mume wangu aliabudu kitu ambacho mimi sikukijua. Miaka 40 nilipanda keria ile."

Nikamweleza habari ya mkono, kiwanda, Ulster na yote. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Halafu akaanza kunieleza, nami nikaandika.

Mumewe hakuinunua dukani. Aliinunua mwaka 1967 kwa karani wa serikali ya Buganda. Tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya Obote, yakiongozwa na Idi Amin, yalishambulia Lubiri, Kabaka akakimbia. Mwaka uliofuata katiba mpya ikafuta falme, na makarani wa Mengo wakabaki bila kazi. Wakauza walivyokuwa navyo. Karani yule aliuza baiskeli kwa bei ya njaa, na Jjajja anasema mumewe aliona haya kuipata kwa bei ile, akamwongezea mkungu wa matoke.

Nikamwuliza habari za gia. Akasema, "Ilikuwa na kidude cha kuvuta pale kwenye usukani. Waya ukakatika Wahindi walipokwisha kuondoka, hakukuwa na mwingine. Tangu hapo ikawa nzito. Mlima wa Namirembe alikuwa anashuka anaisukuma." Amin alitangaza kuwafukuza Waasia mwezi Agosti 1972 akawapa siku 90, na kwa kweli vipuri vingi viliondoka nao.

Maneno hayo niliyapeleka kwa fundi. Akanionyesha jambo ambalo lilinigusa sana. Gia ile ya AW, waya wake ukikatika, inabaki kwenye gia ya tatu, iliyo nzito kuliko zote. Sproketi ikizunguka mara tatu, gurudumu linazunguka mara nne. Ni nzuri kwenye tambarare, lakini Kampala ni mji wa vilima. Mzee yule aliendesha gia nzito tangu siku za Amin mpaka alipozeeka. Jjajja hakujua habari za gia, alijua tu kwamba baiskeli ilikuwa nzito. Alichokisema kilikuwa kweli tupu, na chuma kilimthibitishia.

Keria yenye matundu

Kulikuwa na jambo moja zaidi lililomsumbua fundi. Keria ilikuwa imeongezwa vyuma vya pembe, ikachomelewa, na juu yake kuna matundu manne ya bolti. Baiskeli ya mhubiri anayebeba Biblia haihitaji keria ya namna hiyo. Fundi akasema, "Hii ilikuwa na mto wa kukalia. Hii ilibeba watu kwa kulipwa."

Nilipomwuliza Jjajja, aliangalia chini. "Mumeniuliza basi. Alikuwa boda."

Wapendwa wa Busia mnajua habari hii kuliko mimi. Neno bodaboda lilizaliwa mpakani kwenu. Kati ya kituo cha Uganda na kituo cha Kenya kuna mwendo, na mtu mwenye mizigo alihitaji kuvushwa. Vijana wa baiskeli wakasimama wakiita kwa Kiingereza cha mpakani, "boda, boda!", kutoka mpaka mpaka mpaka. Kazi hiyo ilianza kabla ya pikipiki, tangu miaka ya 1960.

Mwaka 1977 ulikuwa mwaka mgumu. Mwezi Februari Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Mwezi Septemba serikali ya Amin ikapiga marufuku madhehebu mengi, ikabakiza Wakatoliki, Kanisa la Uganda, Waorthodoksi na Waislamu. Sisi Wapentekoste tukawa watu wa kuomba kwa kunong'ona ndani ya nyumba. Mume wa Jjajja hakuwa na kazi tena Kampala. Akapandisha baiskeli juu ya basi akaenda Busia, karibu kilomita 200, akashona mto akaufunga kwenye keria, akaanza kuvusha abiria.

Zingatieni hapo. Tumekuwa tukisimulia kwamba "mwanzilishi" aliendesha baiskeli kutoka Mengo hadi Busia akihubiri njiani. Jjajja anasema hapana, baiskeli ilikwenda juu ya basi, pamoja na kuku. Mchana alivusha watu na magunia, jioni alikaa na ndugu wa upande wa Kenya, ambako kuomba kwa sauti hakukuwa kosa. Ndugu hao walimpa chakula, naye aliwapelekea habari za nyumba za Mengo zinazoomba gizani. Baada ya Amin kuanguka mwezi Aprili 1979 alirudi, na wale ndugu wakaja kumtembelea. Hivyo ndivyo ushirika wetu ulivyozoea kuvuka mpaka. Haukuanza na mkutano wa injili. Ulianza na mtu anayetafuta shilingi.

Nilimwuliza kwa nini hawakuwahi kulisema hili kanisani. Akasema mumewe alitaka, lakini baadhi ya viongozi waliona haya kusema mwanzilishi alikuwa boda. Basi habari ikabaki kimya, na mahali penye ukimya pakaota Mzungu.

Simdharau mmisionari yeyote. Hata uamsho wa Balokole, ambao babu zetu wengi walitoka humo, ulipata nguvu hapahapa Namirembe mwaka 1929, walipokutana Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Joe Church kutoka Gahini, Rwanda, wakaomba na kusoma pamoja. Walikuwa wawili. Ukimfuta mmoja, historia inakuwa uongo. Sisi tulimfuta wetu kabisa.

Tulivyoitengeneza

Kamati ilikuwa imenunua rangi. Nikawaomba wasubiri, tukabishana vikao viwili. Mmoja aliniuliza, "Pasita, unataka tuweke kutu mlangoni?" Nikajibu kwamba kutu tutaitoa, lakini alama hatutazifunika. Wakakubali, ingawa si wote walifurahi.

Naeleza kwa kifupi tulivyofanya, maana najua huko kwenu kuna baiskeli za babu zimelala ghalani.

Kwanza, usianze na msasa. Futa kwa kitambaa laini na mafuta ya taa. Chini ya uchafu wetu ilitokea rangi nyeusi ya kiwanda na mistari myembamba ya dhahabu ambayo msasa ungeimaliza kwa dakika moja. Vyuma vya kung'aa vilivyopata kutu tulivisugua kwa karatasi ya alumini iliyoloweshwa maji.

Pili, zile pini zinazoshika mikono ya pedali usizigonge kwa nyundo kwa hasira. Zetu tulizilowesha oili siku tano, tukaweka kipande cha bomba chini ya mkono wa pedali ili kibebe uzito, ndipo zikatoka.

Tatu, vikombe vya zamani tulivirudisha vilevile, na gololi mpya za robo inchi, grisi mpya. Gia ya nyuma haitaki grisi, ina tundu dogo la mafuta mepesi. Tuliyadondosha, tukaacha siku mbili, ikaanza kulia tik-tik-tik kama saa. Waya mpya ulipofungwa, gia zote tatu zikafanya kazi. Nilipanda nayo kuelekea Namirembe kwa gia ya kwanza, nikafikiri juu ya miaka yote aliyoipandisha kwa ya tatu.

Nne, matairi ya 28 kwa 1½ bado yanapatikana, kwa sababu baiskeli za India hutumia kipimo hicho. Breki zake ni za vyuma, si za waya, na mafundi wa Kisenyi bado wanazijua.

Na vile vilivyobadilishwa zamani tuliviacha. Gurudumu la mbele lina maandishi ya Kichina kwenye kitovu. Jjajja anakumbuka lilitoka Bukoba, lililetwa na ndugu wa Tanzania miaka ya 1980, wakati la kwanza lilipovunjika na Kampala hakukuwa na kitu madukani. Tandiko ni la India, la miaka ya karibuni. Keria imechomelewa Busia. Ukizunguka baiskeli ile mara moja umezunguka ushirika wetu wote. Kama tungerudisha kila kitu kiwe cha Uingereza cha 1954, tungeipata baiskeli ya yule karani, lakini ya kwetu ingepotea.

Siku ya sherehe mtaona kibao kidogo, na maneno yake ni haya: "Rudge, Nottingham. Gurudumu la nyuma la Agosti 1954. Ilinunuliwa Mengo 1967. Ilivusha abiria Busia kuanzia 1977 hadi 1979. Gurudumu la mbele ni zawadi ya ndugu wa Bukoba." Hakuna Mzungu na hakuna muujiza ambao hatukuuona. Ule mkono nimeusugua kwa vidole vyangu mwenyewe, na watoto wa Shule ya Jumapili wameanza kupima viganja vyao juu yake.

Jjajja alikuja kuiona kabla ya wengine. Aliishika keria, akabonyeza kengele, akasema kengele si ile. Ni kweli, ile tulinunua juzi. Nimeandika pembeni ya kibao: kengele ni mpya.

Ninaomba jambo moja kwa wapendwa wa Busia. Kama kwenu kuna mzee au mama aliyewahi kuvushwa mpaka miaka ile na Mganda mrefu mwenye baiskeli ya gia nzito, aliyekuwa akiimba taratibu akikanyaga, mleteni siku ya sherehe. Keria ipo, na Jjajja amesema ataketi mbele siku hiyo akiwangojea.